RN4: Lori likikataa kuwaka asubuhi, betri hulaumiwa kabla ya kupimwa

Komanda, Ituri – Magari yalikuwa yamejipanga tangu alfajiri yakingoja wanajeshi wafungue njia ya kwenda Luna, Eringeti, Oicha hadi Beni. Kwenye kipande hiki cha barabara ya kitaifa namba 4, magari husafiri kwa msafara wenye ulinzi wa jeshi kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa ADF. Anayeachwa hapandi gari lake na kufuata peke yake. Anangoja msafara mwingine.

Shofere wetu, mzee aliyeanza kuendesha malori kabla sijazaliwa, akazungusha ufunguo. Tik. Akarudia. Tik, tik, tik. Taa za mbele ya usukani zikafifia, kisha zikarudi. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga honi. Konvoyeri akaruka chini, akaenda kugonga demareri kwa nyundo, kama wanavyofanya wote. Hakuna kitu. Lori likasukumwa pembeni na vijana wa pale kwa malipo ya papo hapo, na msafara ukatupita wote, lori moja baada ya jingine, mpaka vumbi likatulia.

Tulikuwa tumetoka Kisangani na mzigo wa mafuta ya mawese wa kupeleka Butembo. Usiku sita tulikuwa tumelala njiani: Bafwasende, Nia-Nia, Epulu, Mambasa na penginepo matope yalipotukatalia. Na kila usiku kabini ya lori iligeuka nyumba. Frigo ndogo ya volti 12 nyuma ya kiti, yenye maji na nyama ya konvoyeri. Televisheni bapa juu ya konvertisere. Simu zetu sita zikining'inia kwenye nyaya za kuchajia. Mimi mwenyewe nilichaji kompyuta yangu pale, tena kwa shukrani.

Kilichomuuma Muzee zaidi ni kwamba betri zote mbili zilikuwa na miezi minne tu. Alizinunua Beni kwa fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya minervali ya watoto. Kwake jibu lilikuwa moja: muuzaji amemuibia, betri ni za bandia. Njiani, siku mbili kabla, fundi mmoja alikuwa tayari amezipima, akakuta volti 24,2 na kusema ni nzima, kosa ni la demareri. Demareri ikafunguliwa, makaa yake yakabadilishwa, Muzee akalipa. Sasa demareri ilikuwa na makaa mapya na lori lilikuwa pembeni ya barabara.

Jumla inadanganya

Fundi wa umeme tuliyempata Komanda ni kijana mwenye kibanda cha mbao, jenereta ndogo na multimetre ambayo kioo chake kimeshikwa na gundi. Hakugusa demareri. Aliomba kwanza kuona betri, na hakuzipima pamoja. Alipima moja, akaandika kwa kalamu kwenye kiganja chake. Akapima ya pili, akaandika. Ya kwanza: volti 11,3. Ya pili: volti 12,7.

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Malori makubwa na Fuso hutumia umeme wa volti 24, na umeme huo hutoka kwenye betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, moja ikiendeleza nyingine. Ukiweka multimetre kwenye ncha mbili za mwisho unasoma jumla. Jumla ya 11,3 na 12,7 ni 24,0, namba ambayo haimshtui mtu mwenye haraka. Lakini jumla hiyo ilikuwa ya betri moja iliyojaa na nyingine iliyokufa njaa.

Betri ya asidi na risasi ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2,1 hivi. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kazi, inasoma volti 12,6 au 12,7. Kwenye 12,4 imebakiza kama robo tatu. Kwenye 12,2 ni nusu. Kwenye 12,0 imebaki kama robo, na ikishuka chini ya hapo haina nguvu ya kuzungusha injini ya mazutu iliyolala kwenye baridi ya msitu. Ona jinsi nafasi ilivyo ndogo: kati ya betri iliyojaa na betri iliyokwisha kuna tofauti ya chini ya volti moja. Ndiyo maana taa inayowaka au honi inayolia haithibitishi chochote. Taa haihitaji mengi. Demareri ya lori inahitaji mamia ya amperi kwa sekunde chache.

Kijana alifuata nyaya kwa mkono, gizani chini ya kabini, mpaka akapata alichokuwa akitafuta: waya mwekundu mwembamba uliofungwa kwenye daraja, yaani kile kipande kinachounganisha betri mbili. Waya huo ndio uliolisha frigo, konvertisere na simu. Mtu aliyefunga vifaa vile alihitaji volti 12 ndani ya lori la volti 24, akachukua njia fupi: akanyonya betri moja tu na kuiacha ya pili.

Njia hiyo fupi iko kwenye malori mengi kuliko madereva wenyewe wanavyojua. Redio, chaja, taa za kabini, vyote hufungwa hivyo. Kwa redio peke yake gari linaweza kuvumilia muda mrefu. Kwa nyumba nzima halivumilii.

Hesabu ya usiku mmoja

Nilikaa na kijana yule tukapiga hesabu kwenye daftari langu, kwa vifaa vyetu wenyewe. Televisheni ya wati 40 kwa saa tano ni wati-saa 200. Frigo ya wati 50, ambayo mota yake huzunguka kama nusu ya muda, kwa saa kumi za usiku ni wati-saa 250. Simu sita, tuseme wati-saa 15 kila moja, ni 90. Na konvertisere yenyewe, hata bila kufanya kazi, hula wati kumi hivi ili kukaa macho tu. Tuliiacha usiku kucha, kwa hiyo 100 nyingine. Jumla wati-saa 640. Gawa kwa volti 12: amperi-saa 53.

Betri ile imeandikwa amperi-saa 120. Usiku mmoja tu ulikula karibu nusu yake. Na betri ya kuwashia injini haikutengenezwa kunyonywa taratibu hivyo. Vibao vyake ni vyembamba na vingi, vya kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi na kujazwa mara moja. Ukiishusha hadi nusu kila usiku, madini meupe hukomaa juu ya vibao na haipokei tena umeme kama zamani.

Mtu atauliza: si injini inazunguka mchana kutwa, alternateri haijazi? Mimi niliuliza hivyo hivyo. Kijana akamwita shofere wa lori jingine lililochelewa msafara kama sisi, wakatupa umeme kwa nyaya nene, injini yetu ikawaka. Nyaya zikatolewa. Kisha akapima huku injini ikizunguka. Jumla: volti 28,2, sawa kabisa, kwa sababu alternateri nzima ya lori hutoa kati ya 27,6 na 28,8 hivi. Akapima kila betri: ile ya njaa ilipata 12,9, na ile iliyoshiba ilipata 15,3.

Alternateri haioni betri mbili. Inaona jumla tu, na jumla ikifika 28 inaamini kazi imekwisha. Umeme ule ule hupita kwenye betri zote mbili, kwa hiyo iliyojaa hulazimishwa kupokea wakati haina nafasi, na yenye njaa haifikii ile 14 inayotakiwa ili ijae. Alipofungua vifuniko vya betri iliyoshiba, maji yalikuwa chini ya vibao. Yalikuwa yamechemka kidogo kidogo tangu Kisangani. Betri mbili za miezi minne zilikuwa zinakufa kwa magonjwa yanayopingana, na muuzaji wa Beni hakuwa na hatia yoyote niliyoiona.

Gari lenye betri ya nyumba

Ulaya na Marekani kuna magari yaliyojengwa makusudi kwa kulala ndani, Wafaransa huyaita camping-car. Yana kitanda, jiko, frigo, taa, pampu ya maji. Wenye magari hayo hulia kilio hiki hiki cha betri kufa usiku, lakini wao walianza na jambo ambalo malori yetu hayana: betri ya nyumba na betri ya injini ni vitu viwili. Ya nyumba ni ya aina nyingine, yenye vibao vinene, inayovumilia kushushwa taratibu. Kati ya hizo mbili kuna rele ya kutenganisha. Injini ikizunguka, rele hufunga na alternateri hujaza zote. Injini ikizimwa, rele hufungua, na hata ukiacha televisheni mpaka asubuhi utaimaliza betri ya nyumba tu. Ufunguo utawasha.

Kwa lori la volti 24 njia nyepesi zaidi ni kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12, ambacho huchukua kwa betri zote mbili kwa usawa. Kinatibu ule ugonjwa wa betri moja kunyonywa. Hakitibu hesabu ya usiku: ukila mengi, zote mbili zitashuka pamoja. Ndiyo sababu wengine huongeza betri ya tatu ya nyumba na paneli ya jua juu ya kabini. Ni gharama, sitaki kuificha. Lakini Muzee alikuwa tayari amelipia betri mbili, makaa ya demareri, vijana wa kusukuma, na siku moja ya kulala Komanda.

Kabla ya kutoa dola

Kazi ya kijana yule ilichukua muda mfupi, na karibu yote inaweza kufanywa na shofere mwenyewe akiwa na multimetre ya bei ndogo. Alichonacho zaidi ni utaratibu. Alipima betri zikiwa zimepumzika, kila moja peke yake. Angepima gari dakika tano baada ya kuzimwa, namba ingekuwa nzuri ya uongo, kwa sababu betri iliyotoka kujazwa huonyesha volti za juu zinazoshuka baadaye.

Kisha hupima wakati mtu anazungusha ufunguo. Betri nzima ya volti 12 hushuka, lakini haipaswi kwenda chini ya 9,6 hivi demareri ikivuta. Ikisoma 12,6 imepumzika halafu ikaanguka hadi 7 au 6, imekufa ndani hata kama sura yake ni nzuri. Kama haishuki kabisa na injini haizunguki, basi umeme haufiki kwenye demareri, na hapo mtafute waya, si betri.

Hapa kuna kosa ambalo nadhani linauza betri nyingi kuliko uzee: masi. Mafundi wetu huita masi ule waya mweusi unaorudisha umeme kutoka kwenye injini na fremu hadi kwenye betri. Barabara zetu za matope huula. Kosi, yaani kile kibano cha kichwa cha betri, huota unga wa kijani au mweupe. Boliti kwenye fremu hushika kutu chini ya rangi. Kupima ni rahisi: ncha moja ya multimetre kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu azungushe ufunguo. Namba isizidi nusu volti, na ikiwa chini ya 0,2 ni safi zaidi. Ukisoma volti moja au mbili, nguvu hiyo imepotea kwenye kutu. Kwaruza, safisha, kaza, paka grisi. Hakuna cha kununua.

Ikiwa betri hufa hata gari likilala bila frigo wala televisheni, kuna kitu kinanyonya kimya kimya. Unazima yote, unafunga milango, unatoa waya wa masi na kuweka multimetre katikati yake ikiwa kwenye amperi. Usizungushe ufunguo hapo, utaiunguza. Gari lenye afya hunyonya chini ya miliamperi 50 kwa saa, alama na vitu vidogo vya kompyuta. Ukikuta 500, anza kuchomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiichomoa namba inaanguka, ndiyo njia ya mwizi. Kwenye Land Cruiser za mashirika mara nyingi ni redio ya masafa marefu au kifaa cha kufuatilia gari, vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia ufunguo.

Kwa betri yenye vifuniko, kipimo cha asidi husema kile ambacho volti haziwezi: chumba gani kinaumwa. Vyumba sita vikisoma karibu 1,28, imejaa. Vikisoma 1,20 vyote, ni nusu, ijazeni. Vitano vikisoma 1,26 na kimoja 1,10, hicho kimekufa na betri nzima imekwenda nacho. Na mnapoongeza, ongezeni maji yaliyotoneshwa peke yake. Madukani kuna chupa mbili zinazofanana, ya maji na ya asidi, na watu huita zote mbili maji ya betri. Asidi haipungui kwa kuchemka, maji ndiyo huondoka. Anayejazia asidi anachoma vibao.

Jambo jingine nimeliona kwenye magaraje yetu na linaniogopesha: fundi anayegusanisha vichwa vya betri kwa spana ili aone cheche. Betri inayojazwa hutoa hidrojeni. Cheche moja juu yake inaweza kuipasua na kumwagia mtu asidi usoni. Ukitoa betri, anza na masi. Ukiirudisha, masi iwe ya mwisho.

Karatasi ya sigara

Tulipotoa ule waya mwekundu tulikuta kwamba fyuzi yake ilikuwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, iliyokunjwa vizuri. Konvoyeri alikiri bila aibu: fyuzi ilikuwa inaungua kila wakati konvertisere ikiwashwa, akachoka.

Fyuzi ile ilikuwa inasema kweli. Konvertisere ya wati 300 ikifanya kazi yote huvuta karibu amperi 30 kwenye volti 12. Waya tuliotoa ulikuwa wa milimita mbili na nusu za mraba, na kutoka betri hadi kabini ni mita tatu kwenda na tatu kurudi. Kwa amperi 30, waya huo hupoteza zaidi ya volti moja njiani, na volti hiyo haipotei bure, inageuka joto. Plastiki yake ilikuwa imeiva na kugeuka kahawia. Waya wa milimita kumi ungepoteza theluthi ya volti tu. Fyuzi huwekwa kwa ajili ya waya, si kwa ajili ya televisheni, na hukaa karibu na betri, ili waya ukikwaruzika kwenye fremu ikatike kabla ya moto. Sisi tulikuwa tunalala juu ya waya ule, na nyuma yetu madumu ya mawese.

Betri yenye njaa ilikaa usiku kucha kwenye chaja ya kijana, jenereta ikilia mpaka wenye nyumba jirani wakalalamika. Ile iliyochemka ilijazwa maji. Kijana hakumpa Muzee ahadi: alisema zote mbili zimeumia, labda zitafika Butembo na kuendelea miezi kadhaa, labda hazitafika mwaka. Muzee alimlipa, akachukua kile kipande cha waya chenye karatasi ya sigara, akakitia mfukoni mwa koti. Alisema anakwenda kumwonyesha mwenye lori, ambaye naye angemuuliza kwa nini mzigo umechelewa.

Usiku ule tulikaa gizani. Simu tuliziacha kwenye kibanda cha kuchajia karibu na kizuizi, kwa franka chache kila moja, na nyama ya konvoyeri ikaliwa yote kabla haijaharibika. Kesho yake wanajeshi walipofungua njia, Muzee alizungusha ufunguo mara moja. Injini ikashika. Hakuizima tena mpaka Beni.